Jinsi Nilivyoipata Plazima ya Bluu Upande Nilioutaka

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya uzamili huku Ujerumani, nilikabidhiwa bomba la kioo lenye urefu wa mita moja na nusu, koili sita za sumaku zilizolizunguka, na jenereta ya mawimbi ya redio, nikatakiwa nitengeneze humo utegili, yaani gesi ambayo atomi zake zimepokonywa elektroni na kuwa ioni, ambao maabara nzima tuliuita plazima, wenye msongamano wa kutosha kwa vipimo ambavyo wenzangu walikuwa wakivisubiri. Tulichagua njia ya mawimbi ya helikoni, yaani mawimbi ya redio yanayopenya ndani ya plazima iliyomo kwenye uga wa sumaku, njia ambayo Rod Boswell aliifanyia majaribio huko Australia na kuiandikia makala mwaka 1970.

Gesi yetu ilikuwa arigoni kwa shinikizo la paskali 0.5, na jenereta ilitoa megahezi 13.56, masafa yaliyotengwa kimataifa kwa viwanda, sayansi na tiba. Kuiwasha plazima hakukunipa taabu, kwani kwa wati 200 bomba lilijaa mwanga hafifu wa waridi. Taabu ilianza nilipoongeza nguvu. Jenereta hutaka kuona ukinzani wa omu 50, ilhali antena inayoingiza mawimbi ndani ya bomba huonyesha ukinzani mdogo sana, na anayezipatanisha ni kisanduku chenye kapasita mbili za kugeuzwa kwa mkono. Kwa wiki mbili nilizigeuza hadi sindano ya nguvu inayorejea kwenye jenereta ikakaribia sifuri, nikaongeza nguvu, plazima ikaruka na kuwa nzito, na papo hapo ukinzani ukabadilika, sindano ikapanda, plazima ikaporomoka tena kwenye waridi.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba nilikuwa nikipatanisha kwa ajili ya plazima niliyokuwa nayo, si ile niliyoitafuta. Nikaanza kuandika namba za kapasita kila iliporuka, hata kwa sekunde moja, kisha nikaziweka katika namba hizo kabla ya kuongeza nguvu, nikivumilia mrejeo mbaya wa mwanzoni. Ilipofika wati 900 hivi, nguzo nyembamba ya bluu, rangi ambayo hutolewa na ioni za arigoni, ilisimama katikati ya bomba na haikuondoka.

Bila uga wa sumaku nguzo hiyo isingekuwapo, kwa sababu penye elektroni trilioni moja katika kila sentimita ya ujazo, wimbi la masafa hayo hufifia ndani ya milimita chache. Uga wa militesla 30 huzifanya elektroni zizunguke mistari yake mara milioni 840 hivi kwa sekunde, wakati ioni nzito hazifikishi hata mizunguko 12,000, na katika nafasi hiyo pana iliyo kati yao wimbi hupata njia ya kupenya hadi kwenye kiini. (Ni ndugu wa yale mawimbi ya radi ambayo Heinrich Barkhausen aliripoti mwaka 1919 kuwa yalisikika kama miluzi katika vifaa vya kunasia simu.)

Hata hivyo, kipimio cha Langmuir, kipande cha waya wa tungisteni cha kupimia msongamano nilichokiingiza upande wa vipimo, kilisoma kidogo mno, kwa kuwa bluu yote ilikuwa imeelekea upande wa pili, kwenye pampu ya kutolea hewa. Nilishuku koili mojawapo imeunganishwa kinyume, nikapitisha mkondo mdogo na kutembeza dira kandokando ya bomba, lakini sindano haikugeuka popote. Ndipo nikaitazama antena yenyewe. Vipande vyake vya shaba vilisokotwa nusu mzunguko, kama ukindu kwenye mpini, na antena ya namna hiyo hulisukuma wimbi zaidi upande mmoja, upande ambao huamuliwa na mwelekeo wa uga.

Nilizima kila kitu, nikabadilishana nyaya mbili za umeme wa koili, nikawasha upya. Nguzo ya bluu ilihamia upande wa vipimo, na msongamano ukasomeka karibu mara kumi ya ule wa awali. Joto la elektroni lilikuwa nyuzi 35,000 hivi, na kioo chetu kilipozwa kwa feni moja ya mezani.