Adhana za kupokezana

Leo nimejibwaga kwenye benchi la bustani ya Sultanahmet, Istanbul, miguu inawaka moto kwa kutembea. Mbele yangu Msikiti wa Sultan Ahmed, wenye minara sita, uliojengwa kuanzia 1609. Nyuma yangu Ayasofya, msikiti uliokuwa kanisa zamani, jengo kongwe la tangu 537. Nilisema napumzika dakika tano tu. Mara ikaadhiniwa adhuhuri. Muadhini wa huku anaita, ananyamaza, wa kule anapokea, na maji ya bwawa yanaruka katikati yao. Mwili wote ulinisisimka. Nikaisahau hata simit mkononi, ule mkate wa duara wenye ufuta. Paka (wamejaa hapa, jamani!) hakusahau. Kanyofoa kipande, kaenda kukilia chini ya benchi langu, bila hata aibu.