Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoa Upepo kwenye Injini ya Dizeli

Saa 1:00 asubuhi. Ninafika hori ya Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, kuiona mashua ya matanga yenye injini ya Yanmar 2GM20 ya silinda mbili. Nahodha ananieleza kwamba jana injini iliyumba mwendo, ikapanda na kushuka, kisha ikazima. Namwambia, "Nahodha, hiyo imevuta hewa kwenye njia ya mafuta, na itabidi tuitoe, yaani kutoa upepo, au chujio limeziba." Tangi lina mafuta ya kutosha na machujio ni safi.

Saa 2:30. Kabla ya kugusa spana nafunga vali ya maji ya bahari. Injini inapozungushwa kwa starta bila kuwaka, pampu ya maji huendelea kujaza maji kwenye ekzosi (bomba la moshi), na kwa kuwa hakuna moshi wa kuyasukuma nje, yanaweza kurudi hadi ndani ya silinda na kuiua injini iliyokuwa na kasoro ndogo tu.

Saa 3:00. Nalegeza skrubu ya upepo juu ya chujio la injini na kupiga mkono wa pampu ya mafuta mpaka povu liishe na dizeli itoke safi. Mkono ukiwa mlegevu, nazungusha kidogo krenki, kwa sababu kemu, kinundu cha injini kinachosukuma pampu hiyo, imeushikilia. Natoa upepo vivyo hivyo kwenye pampu ya nozo, inayosukuma dizeli kwa shinikizo hadi kwenye nozo zinazoinyunyiza ndani ya silinda, kisha nalegeza nati za mabomba ya nozo na kupiga starta mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa, mikono ikiwa mbali, kwani dizeli ya shinikizo hutoboa ngozi. Nozo hizi hufunguka kwenye shinikizo la kilo 170 hivi kwa sentimita ya mraba. Hewa hubonyea tu, na shinikizo hilo halifikiwi.

Saa 4:00. Injini inawaka, nami nafungua vali ya maji papo hapo. Baada ya muda inayumba tena. Fundi anayetoa upepo bila kutafuta ulikoingilia amefanya nusu ya kazi, na mwenye chombo ataulipia uzembe huo akiwa baharini.

Saa 5:00 hadi 8:00. Kati ya tangi na pampu mafuta hufyonzwa, kwa hiyo kiungo kibovu huingiza hewa bila kudondosha hata tone. Ukavu wake si ushahidi wa uzima. Naweka dumu la dizeli juu kuliko injini na kulisha pampu moja kwa moja: injini inanguruma sawasawa. Narudisha njia ya kawaida kwa mpira unaoonyesha ndani. Baada ya chujio la kutenganisha maji na dizeli mapovu yanapita. Kabla yake hayapo. Nalifungua na kukuta oringi yake, pete ya mpira ya kuziba, imekauka na kupasuka.

Saa 9:00. Napaka dizeli oringi mpya, najaza chujio, na kutoa upepo upya.

Saa 10:30. Tunaizunguka hori kwa mwendo wa kazi, na injini haiyumbi. Namwachia nahodha oringi ya akiba na washa za shaba za skrubu za upepo.