Mnada ukichangamka, mbanguaji mdogo analia

Huku Mtwara ikifika Oktoba kila mtu sikio liko mnadani, hata mama ntilie anajua leo kilo ya korosho imeenda shingapi, na ana haki, maana mkulima akipata na yeye anauza. Ila kuna watu bei ikipanda wanaumia, ndo sisi tunaobangua kwa mashine za mkono na kufunga pakti.

Mkulima simwonei gere kabisa, wengi ni wajomba na mama zetu. Shida ni kwamba korosho yetu nyingi inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, kule kuna viwanda vinataka mzigo muda wote, kwahiyo mnunuzi wao akija anabeba ghala zima, sisi tunaotafuta gunia chache tu tunapitia wapi?

Halafu piga hesabu. Kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyobanguliwa, inakula kilo nne mpaka tano za ghafi. Yaani ghafi ikipanda mia tano tu, kwangu ishakuwa elfu mbili na zaidi, hapo sijalipa kinamama, sijanunua mkaa wala vifungashio, na mteja wa Dar bei anayotaka ni ileile ya mwaka jana.

Na kubangua sio kazi ya mchezo jamani. Ganda lina mafuta yanachoma ngozi, kinamama wanajipaka majivu vidoleni kabla ya kushika chochote, na ukitoa vibaya ikapasuka bei imeshuka hapohapo, soko liko kwenye nzima.

Alafu hao wa nje wakibadili mawazo tunayumba wote. 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi za kuingiza, bei huku ikaporomoka vibaya sana. 2018 wanunuzi wa korosho wakataka bei ya chini, mpaka serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300 kilo.

Mi naomba kila AMCOS, yaani chama cha ushirika kinachouza korosho za wakulima, itenge mzigo kidogo kwa vikundi vya ubanguaji, kwa bei ileile ya mnada ili mkulima asipoteze hata senti. Na ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake, kwa huku itoke Septemba, kabla minada haijaanza. Ikitoka mwezi wa tatu nitanunua nini, wakati korosho zishapanda meli?