Meza ya Baba

Jirani kachoma majani kiwanjani asubuhi hii, nguo zote nilizoanika zinanuka moshi. Mwanangu kaja mbio: "Mama, eti kweli babu alikutengenezea kilima?" Nani kamwambia? Mama zake wadogo hao, hakuna wengine.

Alinitengenezea, kweli. Nilikuwa mwaka wa mwisho, utafiti wangu ni moto wa nyasi unavyopanda mteremko. Chuoni tulikuwa na mizani, waya za themokapo za kupimia joto, na oveni ya kukaushia sampuli kwa nyuzijoto 105 ili tujue nyasi zina maji kiasi gani. Meza ya kuinamisha, ya kuigiza kilima, tuliijua kwa picha tu. Mhadhiri akitusimulia maabara ya moto ya Missoula, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1960, yenye mahandaki yake ya upepo, sisi tunameza mate.

Baba alikuwa fundi wa majahazi hapa Bagamoyo. Nilimpelekea mchoro, akaugeuzageuza, akaulaza chini ya tezo usipeperuke. Pembe za digrii hakuzitaka. "Futi moja juu kwa futi mbili chini, itafaa?" Nikapiga hesabu: nyuzi 27 kasoro kidogo. Itafaa. Akafunga bawaba, akavika mbao bati, akatundika tanga kuukuu huku na huku kuukinga upepo wa kusi.

Kwanza tuliwasha meza ikiwa imelala. Moto ulijikokota, ndimi zimesimama wima, sisi tunapiga soga. Tukazima, tukatandaza nyasi nyingine, uzito uleule, baba akainua upande mmoja na kutia kabari. Safari hii ndimi ziliinama kuelekea juu, zikazilalia nyasi za mbele. Nyasi zikajikunja, zikafuka moshi mweupe, zikalipuka kwa mlio wa kupasukapasuka. Mdogo wangu aliyeshika ndoo ya maji alirudi nyuma mpaka ukutani. Malaika ya mkono wa baba yaliungua, harufu yake ikabaki pale.

Nikamweleza kuhusu Mann Gulch, Montana, mwaka 1949: wazimamoto 13 walikufa, moto ukiwafukuza mlimani. Baba alinyamaza. Kisha: "Sasa huko chuoni kwenu hakuna kilima?"

Nikamwambia kilimani upepo hugeuka, nyasi hapa nene pale chache, hujui kipi kimeuharakisha moto. Mezani unabadilisha kimoja, vingine unavifunga visibadilike. Mlinganyo wa mtafiti wa moto Rothermel, wa mwaka 1972, unaotumika mpaka leo kukadiria mwendo wa moto, umejengwa juu ya majaribio ya namna hiyo.

"Na moto wa porini, nao utakufungia?"

Jibu refu ninalo, nimelitoa hata kwenye usaili wa kazi. Fupi bado sina.

Nilipoipeleka chuoni kwa basi, konda alitoza meza ile nauli ya kitanda. Kwenye tasnifu imeandikwa "meza ya majaribio", na kwenye shukrani baba yuko baada ya msimamizi, ndiyo desturi. Nilipomsomea ukurasa ule alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mbona hela ya bawaba haijatajwa.