Ogani haihemi

Tumetoka mazoezini sasa hivi.

BWV 1059 ya mtunzi Bach (BWV ni namba ya orodha ya kazi zake), konseto ya kinanda ambayo wengi tunaamini ilianza kama ya obo, ala ya kupuliza ya mbao. Aliandika baa 9 za muziki tu, akaacha, nasi tunaijenga upya kwa obo.

Nyama yote tunaitoa kwenye simfonia mbili (vipande vya ala tupu) za BWV 35 ya 1726, kantata, yaani utungo wa kuimbwa na ala, ambako ogani ndiyo inayoongoza. Mkono wake wa kulia ndio obo yetu.

Tatizo ni pumzi: ogani haihemi, mpuliza obo lazima aheme. Leo tumefuta noti moja, ile inayofuata pigo zito, mpulizaji akapata pa kuhema, na msururu mzima wa noti ukapata uhai. Noti moja tu!

Ikitokea noti ya C-shapu ya chini, obo ya kibaroki (ya enzi za Bach) haina. Pandisheni kishazi kizima (sentensi ya muziki) oktavu moja juu, msipandishe noti peke yake.

Wapulizaji, nyie mngehemea wapi?