Zamu ya asubuhi na mgonjwa mwenye mioyo miwili

Saa 11:00 alfajiri

Birmingham bado giza, na yale manyunyu yasiyojua kuacha. Kazi yangu ni kusukuma wagonjwa hospitalini: kitanda kutoka wodini kwenda eksirei, kiti cha magurudumu kutoka mapokezi kwenda kliniki, sampuli za damu kwenda maabara. Kwa hiyo kabla ya kufunga mlango ninapapasa mifuko: kitambulisho, kadi ya basi, simu. Kwenye simu leo nimepakua Spearhead from Space, hadithi ya kwanza ya mwigizaji Jon Pertwee katika Doctor Who, tamthilia ya BBC kuhusu msafiri wa anga na wakati anayeitwa Daktari. Ina sehemu nne, kila moja kama dakika 25. Nimeshaipangia: moja kwenye basi la kwenda, mbili mapumziko, ya mwisho basi la kurudi.

Saa 12:10, basini

Kwetu nilikokulia, kwenye vibanda vya video, kila mtoto alijua kwamba steringi hafi. Hawa BBC wamekuja na yao tangu miaka ya sitini: steringi anakufa, halafu anaamka na sura nyingine, na mwigizaji mwingine. Pertwee ni wa tatu, baada ya William Hartnell na Patrick Troughton. Sehemu hii ilirushwa tarehe 3 Januari 1970, na ndiyo ya kwanza ya tamthilia hiyo kuonyeshwa kwa rangi.

Sasa ona walivyomtambulisha. Sanduku lake la bluu, ndicho chombo chake cha kusafiria, linatua msituni, mlango unafunguka, jamaa anatoka na kuanguka kwenye majani pu! Anapelekwa hospitali. Sehemu nzima karibu yote amelala kitandani, akiamka dakika mbili tatu na kuzimika tena. Mwigizaji mpya, rangi mpya, na wamemfunika shuka! Watu walimjua Pertwee kama mchekeshaji wa redio, bila shaka walikaa wakisubiri vituko.

Mimi naona walicheza vizuri. Wakati yeye amelala, wengine ndio wanaobeba hadithi. Brigedia Lethbridge-Stewart, mkuu wa kikosi cha jeshi kinachochunguza mambo ya ajabu, anahangaika na vimondo vilivyoanguka vikiwa vimejipanga kama gwaride. Liz Shaw, mwanasayansi aliyeitwa kutoka Cambridge bila kupenda, anamkejeli Brigedia waziwazi. Kufikia mwisho wa sehemu unamtaka huyo mgonjwa aamke kuliko jamaa zake wenyewe.

Saa 1:00 asubuhi

Zamu inaanza. Simu ya kazi inalia kabla sijavua koti. Mzee wa kwanza wa kwenda eksirei ni mcheshi, ananiuliza kama leseni yangu ya udereva bado hai. Nje ya chumba cha picha namkumbuka yule daktari wa hospitali kwenye hadithi, anaishika picha ya kifua juu ya mwanga na kuona mioyo miwili. Anadhani wenzake wanamtania. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza tunaambiwa Daktari ana mioyo miwili. Maabara nao wanapiga simu: damu hii si ya binadamu, nani kaileta?

Na kuna Mullins. Mullins ni msukuma vitanda, mwenzangu kabisa. Anasikia habari ya mgonjwa wa ajabu, moja kwa moja mpaka kwenye simu, anawauzia waandishi wa habari! Kufumba na kufumbua mapokezi yamejaa kamera. Nilimkasirikia kweli. Siri ya mgonjwa haiuzwi, bwana. Kwetu hapa ungerudisha sare kabla ya chai. Lakini nakiri kwamba yeye na ulimi wake wanaipeleka hadithi mbele kuliko mganga mkuu.

Saa 4:00, chai

Sehemu ya pili, sikio moja likiwa kwenye simu ya kazi.

Bado nawaza jinsi mgonjwa wetu alivyodai viatu vyake sehemu ya kwanza. Kila akipata fahamu ni viatu tu, mpaka wanamwona kachanganyikiwa. Kumbe ndani ya kiatu kaficha ufunguo wa sanduku lake. Aliyeandika hadithi hii, Robert Holmes, sijui aliwahi kulazwa, lakini hili kalipatia. Asubuhi hii nimempeleka bibi mmoja kliniki, mkoba wake kaukumbatia kifuani. Tulipofika kwenye lifti nikamwomba niutundike kwenye mpini wa kiti. Akanitazama macho makavu. Nikaacha.

Na kile kiti cha magurudumu! Mwisho wa sehemu ya kwanza watekaji waliotumwa na adui wanamtoa nje, mdomo umezibwa kwa plasta, mara kiti kinawaponyoka na kuteremka mbio naye. Sisi tunaofunga breki kila tunaposimama, moyo unaruka.

Akipona anaoga, anaimba, tena kwenye bafu unaona mchoro wa tatuu mkononi, ambao ni wa Pertwee mwenyewe tangu alipokuwa jeshi la majini. Kisha anaiba joho na kofia za daktari bingwa na kuondoka na gari lake. Ndivyo Daktari wa tatu alivyopata mavazi yake.

Saa 7:00 mchana

Wali na maharage kutoka nyumbani, na sehemu ya tatu. Mama mmoja wa Bukavu anayefanya usafi wodi ya juu anachungulia simu yangu. "Huyu si ndiye ule kijana wa Kigali?" Namwambia hapana mama, huyo ni Ncuti Gatwa, kazaliwa Rwanda kweli, lakini kaanza rasmi Krismasi ya 2023. Huyu ni wa zamani. Anaitazama picha tena. "Ya zamani na inang'aa hivi?"

Ana haki ya kushangaa. Wafanyakazi wa studio za BBC walikuwa kwenye mgomo, ikabidi hadithi yote ipigwe nje ya studio, kwa filamu ya milimita 16, sehemu kubwa kwenye chuo cha BBC cha Wood Norton karibu na Evesham, kusini mwa hapa tulipo. Hadithi nyingine za enzi zile zilirekodiwa studioni kwa kanda za video, na zinaonekana hivyo. Hii ina ukungu halisi, korido halisi, vigae halisi. Sisemi mgomo ni mzuri kwa kila kitu, lakini hapa ulisaidia.

Saa 9:20, kituoni

Hapa nilichagua vibaya pa kutazama sehemu ya nne. Sanamu za plastiki za madukani zinaamka alfajiri, zinatoka madirishani mtaa wa Ealing, London, vidole vinaanguka na bunduki inatokeza, zinawapiga watu waliopanga foleni ya basi. Vioo huvioni vikivunjika, unasikia mlio tu, bajeti. Mwaka 2005 tamthilia iliporudi na Christopher Eccleston kama Daktari, adui wa kwanza aliyepewa ni hawahawa, na safari hii vioo vilivunjwa kwelikweli. Mimi bado naogopeshwa zaidi na vya 1970.

Mwisho wenyewe, minyiri ya mpira kama ya pweza inamkaba Pertwee shingoni naye anatoa macho, ni kichekesho. Nacheka, abiria wa pembeni anasogea.

Saa 1:00 usiku

Ugali umeiva, nawasimulia nyumbani jinsi Daktari alivyojadiliana ajira na Brigedia. Hataki mshahara, anasema pesa hazina kazi kwake. Anataka maabara, vifaa, Liz awe msaidizi wake, na gari kama lile aliloiba, maana lile lazima lirudi kwa mwenyewe. Brigedia anakubali yote.

Ujumbe unaingia kutoka kwa msimamizi: nani anaweza zamu ya Jumamosi? Namjibu ninaweza, kwa malipo ya ziada.