Kuvua kwa Mshipi Majira ya Joto

Majira ya joto yanapofika, mvuvi wa mshipi anayeijali bahari hubadili saa za kuvua kabla ya kubadili chambo. Maji ya bahari yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 uwezo huo hushuka hadi karibu 6.2, na ndiyo maana samaki wengi wa pwani huyahama maji ya kina kifupi jua linapokuwa kali, wakarudi kula alfajiri au magharibi. Mimi huchagua alfajiri inayokutana na maji kujaa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa sababu mkondo wenye nguvu huwasukuma dagaa na kamba kwenye milango ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na kolekole huwafuata huko huko.

Linalonigusa zaidi ni hali ya samaki baada ya kunaswa. Aliyechoshwa katika maji ya moto hupona kwa shida. Kwa hiyo, nikikusudia kumwachia, hutumia mshipi imara ili nimvute upesi, ndoana ya duara ambayo kwa kawaida hunasa pembeni mwa mdomo badala ya tumboni, na mikono iliyoloweshwa ili ute wa ngozi yake usitoke. Anayebaki kuwa kitoweo na awekwe kwenye barafu papo hapo, kwani bakteria hutengeneza histamini, kemikali inayoweza kumdhuru mlaji, katika nyama ya jodari au nguru aliyeachwa juani, na kupika hakuiondoi.